Baiskeli nayo ina haki ya njia

Makambako ni mji uliokuzwa na njia panda. Hapo barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma na Zambia huachana na ile ishukayo kusini kupitia Njombe hadi Songea, na papo hapo pana stesheni ya reli ya TAZARA. Usiku na mchana malori hupita yakiwa na mafuta, saruji, mbolea, mbao, nguzo za umeme na viazi. Baina ya malori hayo wamo watu wa baiskeli: mkulima aliyefunga gunia la mahindi nyuma ya kiti, muuza mkaa, kijana mwenye madumu ya ulanzi, mwanafunzi anayewahi kengele. Ugomvi wa nani ampishe nani baina ya makundi haya mawili ni wa siku nyingi, na takriban kila mara huamuliwa kwa namna moja tu. Lori hupiga honi, na baiskeli huteremka kwenye majani.

Huenda msomaji wetu wa Unguja au Pemba akauliza mambo ya Njombe yanamhusu nini. Yanamhusu. Sehemu ya mbatata tunazopika na mbao tunazojengea hutoka katika nyanda zile za baridi na hupitia njia panda hiyo kabla ya kufika bandarini. Zaidi ya hayo, barabara zetu wenyewe zinapanuliwa, na magari ya mchanga na kifusi yanapita mbele ya skuli zetu kwa mwendo ambao zamani hatukuujua. Yanayotokea Makambako leo ndiyo yanayoanza kutokea kwetu, nasi tuna nafasi ya kujifunza kabla ya kuzika watu.

Tukumbuke asili ya barabara zile. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao wa bandia, na Zambia ikajikuta imefungiwa njia yake ya kusini. Malori yakaanza kubeba mafuta kupitia Tanzania katika barabara ya matope na vumbi, ambayo madereva waliifananisha na Jehanamu. Lami ilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1970, reli ikakabidhiwa mwaka 1976, na barabara ya Makambako hadi Songea ikapata lami yake katika miaka ya 1980. Ilikuwa kazi ya kishujaa, na Taifa lina haki ya kujivunia. Lakini ilikuwa kazi ya kupitisha mzigo. Mwananchi wa kijijini, ambaye baiskeli ndiyo gari lake, hakuonekana sana katika michoro, na hata sasa mahali pengi lami inapokwisha huanza mtaro.

Sheria haikumsahau. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inayotumika Tanzania Bara inamhesabu mwendesha baiskeli kuwa mtumiaji halali wa barabara, mwenye wajibu wake na haki zake. Inaagiza mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na magari mazito yasizidi kilomita 80 popote. Hakuna mahali iliposema kwamba mwenye chombo kikubwa ndiye mwenye njia. Honi ni chombo cha kutahadharisha. Dereva anayeipiga ili aachiwe njia, kisha akapita bila kupunguza mwendo, hakutahadharisha mtu. Ametoa amri asiyokuwa na mamlaka ya kuitoa.

Tuitazame kwa makini ile njia panda yenyewe, maana hapo ndipo hatari inapoonekana wazi. Nchini mwetu tunapita kushoto, na usukani uko kulia. Lori litokalo Dar es Salaam kwenda Njombe hukata kushoto Makambako. Mtu wa baiskeli naye, kwa kutii sheria, yuko kushoto. Dereva amekaa juu, upande wa pili wa kichwa cha gari, na chini ya mlango wa kushoto pana eneo ambalo halioni kwa macho wala, mara nyingi, kwa kioo. Gari likianza kukata kona, kichwa hupita salama, lakini magurudumu ya tela hayafuati njia ya kichwa: hukata kwa ndani, yakaifuta nafasi aliyosimama yule mtu. Hapo dereva asiye mlevi wala mkorofi anaweza kuua na asijue mpaka utingo apige kelele. Kwa ajili hiyo hatukubaliani na wale wanaodhani kwamba tatizo hili litakwisha kwa kuwahubiria madereva peke yao.

Na uzito je? Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu gari na mzigo wake kufikia tani 56. Kwa mwendo wa kilomita 80 gari hilo husafiri mita 22 katika sekunde moja, yaani kabla dereva hajawahi hata kukanyaga breki. Nguvu ya mgongano wake ni zaidi ya mara mbili na nusu ya ile ya kilomita 50. Ongeza ukungu wa Njombe katika miezi ya kipupwe, ongeza miteremko, na mtu wa baiskeli anayeyumbishwa na upepo wa gari hata kama halikumgusa.

Hatusemi kwamba wenye baiskeli hawana makosa. Wapo wanaotembea usiku bila taa wala kioo chekundu cha nyuma. Wapo wanaokwenda wawili wawili wakizungumza, na wapo wanaofunga mzigo mpana kuliko mlango wa nyumba zao, na breki yao ni soli ya kiatu. Hao nao waelimishwe, na ikibidi watozwe faini. Ila makosa hayalingani kwa matokeo yake. Mwenye baiskeli akikosea hufa yeye. Mwenye lori akikosea hufa mwingine.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu milioni 1.19 walikufa barabarani mwaka 2021, na katika kila mia moja, sita walikuwa wapanda baiskeli. Umoja wa Mataifa umeweka lengo la kupunguza vifo vya barabarani kwa nusu ifikapo 2030. Nchi nyingine zimekwisha kuandika kipimo: Ujerumani tangu mwaka 2020 inamtaka dereva aache mita moja na nusu anapompita mtu wa baiskeli mjini, na mita mbili nje ya mji. Kama nafasi haipo, abaki nyuma. Tungependa kuona kipimo cha namna hiyo katika sheria zetu, Bara na Visiwani, kwani askari hawezi kupima “uangalifu” lakini anaweza kupima mita.

Kwa TANROADS ombi letu ni moja. Kila kipande cha barabara ya Makambako hadi Songea kinapofumuliwa na kujengwa upya, mabega ya lami yawekwe katika michoro tangu siku ya kwanza, hasa penye vilima, ambapo mwenye mzigo hulazimika kushuka na kusukuma. Wenye kampuni za usafirishaji nao wasijifiche nyuma ya madereva wao: anayempangia mtu safari ambayo haiwezekani kumalizika kwa wakati bila kuvunja sheria ni mshirika katika kosa.

Kwetu Visiwani, mambo ya barabara si ya Muungano na tunayo sheria yetu wenyewe. Basi hatuna wa kumsubiri. Wizara inayohusika na ujenzi ina mikataba ya barabara mezani pake. Tunawaomba wahandisi wake waifungue, waangalie katika kila mchoro ni wapi atakapopita mtu wa baiskeli, na pale wasipomwona, warudishe mchoro kwa mkandarasi kabla ya lami kumwagwa.