Tusome Jedwali kwa Jina, Si kwa Kuhesabu Mistari

Mara nyingi jedwali hufundishwa kana kwamba ni picha tu. Mwanafunzi huambiwa, "Tazama mstari wa tatu, safu ya nne." Jibu hupatikana, na somo huendelea. Kwa maoni yangu njia hii ina kasoro kubwa.

Mwaka 1970 Edgar F. Codd, mzaliwa wa Uingereza aliyefanya kazi katika kampuni ya IBM huko California, alitoa makala yaliyoweka msingi wa hifadhidata nyingi za kompyuta zinazotumika hata leo. Alipendekeza habari ziwekwe katika majedwali ambayo mpangilio wa mistari yake hauna maana yoyote. Mstari hutambulikana kwa ufunguo wake, yaani alama isiyorudiwa katika mstari mwingine. Na thamani iliyomo hutambulikana kwa jina la safu. Kwa hiyo mwandishi wa programu asipotaja mpangilio anaoutaka, hana haki ya kutegemea kwamba mstari uliotangulia jana utatangulia leo. Akichukua "thamani ya pili" bila kutaja safu, siku safu mpya itakapoingizwa katikati atasoma mwaka wa kuzaliwa mahali pa alama, na huenda asipate onyo lolote.

Hatari hiyo imo darasani pia. Niliwahi kumsomea mtoto alama za mwenziwe, kwa kuwa orodha ilikuwa imepangwa upya nami nilizoea kuhesabu mistari. Alilia mbele ya wenzake kwa kosa lisilo lake.

Basi, wanachuo wenzangu, mnapofundisha jedwali, mpeni mwanafunzi namba ya kuandikishwa, kwani darasa moja laweza kuwa na akina Juma Ali wawili. Autafute mstari wenye namba hiyo, kisha aitaje safu kwa jina lake. Namba isipoonekana, aseme "hayumo", wala asichukue mstari ulio karibu. Akikuta kisanduku kitupu, asikiite sifuri: ambaye hakufanya mtihani hana alama, hakupata sifuri.

Mwishowe, ibadilisheni mistari mahali pake, mkaulize swali lile lile. Atakayetoa jibu lile lile amelielewa jedwali. Atakayekosa alikuwa amekariri mahali tu. Yapo watakaosema kwamba kuhesabu mistari ni kwepesi zaidi. Ni kweli, lakini wepesi huo hulipwa na mtoto.