Nyumba Zilizokuwamo Ngorongoro

Yeyote apandaye kutoka Karatu kwenda Ngorongoro na achukue nguo nzito. Ukingo wa kreta umepita mita 2,200 juu ya bahari, na asubuhi ukungu huufunika msitu hata njia isionekane. Karatu penyewe ni pazuri, kwa udongo wake mwekundu na mashamba ya Wairaqw.

Ukungu ukiondoka, huonekana chini, kiasi cha mita 600, bonde la duara lenye kilomita za mraba 260 hivi: ziwa la magadi jeupe, na nyati wadogo kama punje za pilipili manga. Mtu hana la kusema ila kusabihi.

Mwanangu alitazama kitambo, kisha akaniuliza, "Baba, mbona hakuna nyumba hata moja?"

Swali hilo ndilo lililonishikisha kalamu. Nyumba zilikuwamo. Mwaka 1959 Ngorongoro ilipotengwa na Serengeti, Wamasai walioondolewa Serengeti waliahidiwa kukaa huku na mifugo yao. Mwaka 1974 waliokuwa wakiishi ndani ya kreta wakatolewa. Na tangu 2022 jamaa wengi wa eneo hili wamehamishiwa Msomera, wilaya ya Handeni. Serikali yasema ni kwa hiari, na wakazi wengi wasema sivyo. Wageni wapigao picha pale ukingoni ni wachache waulizao.

Tuliposhuka Karatu kuwahi adhuhuri, mwanangu alitaka aonyeshwe Handeni katika ramani.