Baraka: Kabla ya kununua chupa ya gazi, uliza nani ataijaza

Mjini Baraka na kote wilayani Fizi, jamaa nyingi zingali zinapika kwa makala na kuni. Kila gunia la makala ni miti iliyokatwa, na moshi unaishia kifuani mwa mama na watoto. Anayetaka kuhamia gazi ana sababu nzuri.

Lakini gazi si makala. Makala ukiyakosa kwa muuzaji huyu, utayapata kwa jirani yake. Chupa ya gazi ina kichwa chake cha kupunguza nguvu, na kampuni hazitumii zote aina moja. Ukibadilisha muuzaji, huenda ukalazimika kununua kichwa kingine, hata chupa nyingine. Tena gazi inatoka mbali: barabara ya kitaifa namba 5 ikikatika ao Ziwa Tanganyika likichafuka, jiko linazimika.

Wengine wanasema tungoje gazi ya Ziwa Kivu. Ile ni metani. Rwanda inaitumia kutengeneza umeme. Kongo ilitangaza zabuni ya vitalu 3 mwaka 2022. Haitajaza chupa yako kesho.

Wakubwa wa mji wawalazimishe wauzaji kupokeana chupa na kupima uzito mbele ya mnunuzi. Nasi, kila tunapobadilisha chupa, tupake maji ya sabuni kwenye kichwa: povu likitokea, gazi inavuja. Tusijaribu kwa kiberiti.

Na mbabula? Usiitupe bado. Muuzaji mzuri ni yule ambaye utamkuta hata mwezi ujao.