Sumu Isiyokuwa na Jina

Wapo walanguzi wa afya wanaowatangazia wananchi kwamba utumbo ni shimo la sumu, na kwamba kila mtu sharti ajisafishe nyumbani. Hebu tuzipime njia zao.

Ya kwanza ni kujipiga bomba. Maji hutoa kinyesi, basi. Yakizidi huvuruga chumvi za damu, na mpira ukiingizwa vibaya waweza kutoboa utumbo. Ya pili ni sanamaki: mtu huharisha na kupoteza maji. Ya tatu ni mfungo wa Stanley Burroughs wa Marekani, ulioelezwa katika kitabu chake cha mwaka 1976: siku 10 au zaidi za limau, pilipili na utomvu mtamu wa mti wa mepo, pamoja na maji ya chumvi. Uzito hupungua, naam. Lakini sehemu kubwa ni maji, nayo hurudi mtu arudipo mezani.

Je, sumu yenyewe ni ipi? Hawaitaji! Tangu mwaka 1919 daktari Walter Alvarez aliipinga dhana hiyo kwa hoja. Mwili husafishwa na ini na figo, usiku na mchana, bila malipo.

Ndugu wananchi, tule mboga, maharage na dona. Anayeona damu chooni aende hospitali, asikimbilie bomba. Na mwuzaji asiyeweza kuitaja sumu anayodai kuitoa hastahili hata senti moja ya jasho letu.