Mfumo huria wa simu ni suala la lugha

Kila simu mpya inapoingia madukani, mjadala ule ule huzuka miongoni mwa wanafunzi wa vyuo hapa Machakos: ipi iliyo bora, iPhone au simu inayotumia mfumo wa Android? Hoja zinazotolewa aghalabu huhusu kamera, betri na fahari ya mwenye kuimiliki. Kwa maoni yangu, mjadala huo huliacha nje swali lililo zito zaidi kwa walimu na wanafunzi: ni nani mwenye mamlaka ya kuamua simu itafanya nini, na itaandika lugha ipi?

Mfumo wa iPhone, iliyotoka mwaka 2007, ni mfumo uliofungwa. Apple pekee ndiyo iutengenezao, na kwa kawaida programu hupitia katika duka lake lililofunguliwa mwaka 2008. Android, ambayo simu yake ya kwanza iliuzwa mwaka huo wa 2008, imejengwa juu ya msingi wa Linux, kazi iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Msimbo wake wa msingi umechapishwa, na kiwanda chochote kinaweza kuutumia bila ya kuulipia. Hiyo ni sababu mojawapo iliyowezesha simu ya Huawei IDEOS kuuzwa hapa Kenya kwa takriban Sh8,000 mnamo mwaka 2011.

Lakini bei si hoja yangu kuu. Kikamba kina irabu saba, wala si tano kama Kiswahili. Mbili kati ya hizo huandikwa ĩ na ũ. Anayeziandika i na u tupu hakosei mapambo ya herufi. Huandika sauti nyingine, na pengine neno jingine. Herufi hizo zimo katika mfumo wa kimataifa wa Unicode tangu mwaka 1991. Kilichokosekana simuni ni kitufe cha kuzibonyezea.

Android iliruhusu kibodi zilizoundwa na watu wengine tangu mwaka 2009. iPhone haikuruhusu jambo hilo hadi mwaka 2014. Kwa miaka mitano, mtaalamu aliyetaka kuitengenezea iPhone kibodi ya lugha yake hakuwa na la kufanya ila kungoja ridhaa ya mwenye mali. Na mwenye mali hupiga hesabu ya wanunuzi, si ya irabu. Lugha isiyo na soko kubwa katika nyumba iliyofungwa hubaki ikibisha hodi.

Kiswahili chenyewe ni shahidi. Mwaka 2004 wataalamu wa mradi wa Kilinux, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Hawakuhitaji kumwomba mtu ruhusa, kwa kuwa leseni ilikwisha kuwapa. Hapa Kenya, programu ya Ushahidi iliundwa mwaka 2008 wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi, kisha msimbo wake ukaachwa huru. Mwaka 2010 ilitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Basi katika uwanja huria sisi si wapokeaji tu, tunatoa pia.

Wapo wanaosema kwamba mlango ulio wazi huingiza hata wezi. Hoja hiyo ina uzito. Wakenya wengi wanakumbuka programu za mikopo zilizosoma majina ya jamaa na marafiki simuni, kisha zikawapigia kumwaibisha mkopaji. Hata hivyo, dawa iliyotafutwa ilikuwa sheria: mwaka 2022 Benki Kuu ya Kenya ilianza kuwatoza wakopeshaji hao sharti la leseni. Hatukuhitaji kumkabidhi mfanyabiashara wa ng'ambo ufunguo wa kila nyumba.

Wala tusijidanganye kwamba Android ni huria kabisa. Mwaka 2019, Marekani ilipoiwekea Huawei vikwazo, simu mpya za kampuni hiyo zilibaki na msimbo huria lakini zikanyimwa duka na huduma za Google. Msingi ni wa wote. Vyumba vingi vya juu vina mwenyewe. Kwa hiyo uhuru huu ni wa kulindwa na kupanuliwa, si wa kushangiliwa tu.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, inaitaka serikali ikuze lugha za kiasili, na mtaala wa umilisi unazifundisha katika gredi ya kwanza hadi ya tatu. Itakuwa ajabu mtoto afunzwe ĩ darasani, kisha akabidhiwe kifaa kisichoweza kuiandika. Wizara ya Elimu inaponunua vifaa vya shule, iweke sharti kwamba viweze kuongezewa kibodi, kamusi na lugha bila ya kusubiri idhini ya muuzaji. Nasi wa idara za lugha tuketi pamoja na wenzetu wa idara za kompyuta, tuzitengeneze kibodi na kamusi hizo, kwani mlango wazi usioingiwa na mtu haumfaidi yeyote.

Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Lugha inayotegemea kitufe cha mwenzake itakufa hali kadhalika.