Mtafiti wa saratani asipimwe kwa namba pekee

Familia ikishapokea majibu ya kinyama kwamba mmoja wao ana saratani, simu hazipumziki. Nani bingwa wa ugonjwa huu? Nani ameufanyia utafiti? Siku hizi jibu huja kwa tarakimu: daktari fulani ana machapisho 200, amenukuliwa mara 10,000. Tarakimu hizo hizo ndizo zinazotumika vyuoni kumpandisha mhadhiri cheo, na wafadhili huzitazama kabla ya kutoa fedha. Ni vyema wasomaji wetu wajue zinasema nini na hazisemi nini.

Mtafiti akichapisha makala katika jarida la kitaaluma, wenzake wanaoitumia huitaja katika orodha yao ya marejeo. Kila kutajwa huhesabiwa kuwa nukuu moja. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch wa Marekani alipendekeza kipimo kiitwacho h. Mwenye h ya 20 ana makala 20 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 20. Hesabu hii ni rahisi, ndiyo maana ikapendwa. Lakini haitofautishi makala iliyosifiwa na iliyokosolewa. Zote mbili zimetajwa, zote mbili zinahesabiwa.

Mfano wa kwanza tunao hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1957 Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Mulago, Kampala, aliitwa kumwona mtoto mwenye uvimbe pande zote za taya. Muda mfupi baadaye, akiwa Jinja, akamwona mtoto mwingine mwenye uvimbe kama ule, na tumboni pia. Alirudi Mulago akafukua mafaili ya wagonjwa, akakuta watoto wengine wengi. Mwaka 1958 alichapisha makala katika jarida la wapasuaji la Uingereza. Mwanzoni wengi hawakuishughulikia.

Burkitt hakukaa kusubiri nukuu. Aliandikia hospitali za Afrika akiuliza ni wapi uvimbe huo unaonekana. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walipanda gari kuukuu wakazunguka takriban kilomita 16,000, kutoka Uganda hadi Afrika Kusini na kurudi, wakiingia hospitali moja baada ya nyingine. Waligundua kwamba ugonjwa unafuata maeneo yenye joto na mvua, na kwamba nyanda za juu zenye baridi hauonekani sana. Mwaka huo huo alitoa mhadhara London, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo Anthony Epstein. Sampuli zikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala, na mwaka 1964 Epstein na wenzake Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kuviona virusi ndani ya seli za uvimbe ule. Vilikuwa virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Saratani hiyo ikawa pia miongoni mwa za mwanzo kuonekana zikipona kwa dawa. Kama Burkitt angepimwa kwa nukuu mwaka 1960, angeonekana daktari wa kawaida tu.

Mfano wa pili unatoka Chuo Kikuu cha Duke, Marekani. Mwaka 2006 Anil Potti na wenzake walichapisha makala katika jarida kubwa, wakidai kwamba vinasaba vya uvimbe vinaweza kuonyesha ni dawa gani itamfaa mgonjwa. Makala ilishangiliwa na kunukuliwa sana, na majaribio kwa wagonjwa yakaanza. Wataalamu wawili wa takwimu kutoka Houston, Keith Baggerly na Kevin Coombes, walirudia hesabu na zikakataa. Walikuta takwimu zimehama mstari, na kwingine uvimbe unaokubali dawa umeandikwa kuwa unaoikataa. Mwaka 2010 majaribio yalisitishwa moja kwa moja, mwaka uliofuata makala ikaondolewa, na mwaka 2015 ofisi ya serikali ya Marekani inayosimamia uadilifu wa utafiti ikahitimisha kwamba takwimu zilighushiwa. Wakati nukuu zikiongezeka, kulikuwa na watu wenye saratani waliokuwa wamejitolea miili yao kwa majaribio yaliyosimama juu ya hesabu mbovu.

Hatusemi nukuu hazina maana. Kazi nyingi nzuri zimenukuliwa sana, na mtafiti asiyechapisha anawanyima wenzake nafasi ya kumkagua. Tunachosema ni kwamba nukuu zinapima jinsi kazi ilivyozungumzwa. Kama ni ya kweli, na kama inamfikia mgonjwa, hilo linahitaji maswali mengine.

Jijini Mwanza, wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 walishiriki utafiti wa chanjo ya virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Swali lilikuwa kama dozi moja inatosha badala ya mbili au tatu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022, mwaka ambao Shirika la Afya Duniani lilikubali dozi moja itumike, na sasa Tanzania inatoa dozi moja. Mama anayempeleka binti yake kuchanjwa hana haja ya kujua makala ile imenukuliwa mara ngapi. Ameokolewa safari ya pili ya kliniki, na chanjo iliyobaki imepata msichana mwingine.

Kwa hiyo vyuo vyetu viache kuhesabu machapisho kama magunia ya korosho. Mtafiti anayeomba cheo alete kazi zake chache anazojivunia, aeleze zimebadilisha nini wodini au katika sera, na takwimu zake ziwe wazi ili wengine wazirudie. Wizara nazo zitenge fedha kwa kazi ya kukagua, maana kazi ya aina ile ya Baggerly na Coombes ni nadra kumpa mtu cheo.

Nawe msomaji, ukitajiwa bingwa mwenye maelfu ya nukuu, hasa anayekuuzia dawa, uliza mambo matatu. Je, tiba hiyo imejaribiwa kwa binadamu, na wangapi? Je, kuna kundi jingine lililorudia na kupata majibu yale yale? Je, makala hiyo bado ipo au imeondolewa na jarida? Daktari wako wa saratani anaweza kukusaidia kupata majibu. Muulize kabla hujatoa fedha, na usiache matibabu uliyokwisha kuanza.