Pete ya tanzanite ya enzi za Mjerumani

Haya wadau, tuanze na kicheko, maana huko mbele hakuna cha kuchekesha.

Juzi rafiki yangu kanitumia picha ya pete. Ni ya fedha, jiwe la buluu katikati, na chini maelezo: "Tanzanite ya kizamani, ya enzi za Mjerumani, ipo moja tu." Bei shilingi 1,400,000, maongezi yapo. Akaniuliza, mwenzangu, nichukue?

Nikampa hesabu za shule ya msingi. Mjerumani alinyang'anywa nchi hii katika Vita Kuu ya Kwanza. Jina la Tanzania limezaliwa 1964. Jiwe lenyewe likaanza kujulikana mwaka 1967 huko Mererani, na jina la tanzanite likatolewa na kampuni ya Tiffany ya New York mwaka 1968. Sasa huyo Mjerumani alilivaa lini? Alilivaa kaburini?

Labda pete ni ya zamani kweli na jiwe limepachikwa juzi. Labda pete ni ya juzi na jiwe ni chupa. Muuzaji hajui, na kibaya zaidi hana haja ya kujua. Anachojua ni kwamba ukisema "enzi za Mjerumani" bei inapanda ngazi mbili.

Hii biashara ya vito na vitu vya kale imetuingia vijana wa mjini kwa kasi. Saa za mezani, sarafu, redio za mbao, vikuku vya bibi, vipini, herini, pete za mawe. Unanunua mikoani au Unguja, unapiga picha nzuri juu ya kitambaa cheusi, unauza. Mimi sina ugomvi na mtu anayetafuta riziki. Hali ngumu, ajira hamna, na jicho la kutambua kitu kizuri ni kipaji kama vipaji vingine. Ugomvi wangu ni huu: wengi wetu hatuuzi vitu vya kale. Tunauza ujinga wa watu wawili. Aliyetuuzia hajui bei, anayetununulia hajui historia, na sisi tumesimama katikati tunakula pande zote. Halafu tunaita ujanja. Mjini shule, si ndiyo?

Kabla hujaanza kunitukana, subiri nijitukane mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda Pangani kikazi. Kazi ikaisha mapema, nikawa nazurura. Katika nyumba moja nikakaribishwa maji na bibi mmoja ambaye jina lake simtaji. Maongezi yakafika kwenye mambo ya harusi za zamani, akaingia ndani, akatoka na mitali miwili ya fedha imefungwa kwenye kipande cha kanga. Kwa wasioijua, mtali ni kikuku kizito cha mguuni. Hii ilikuwa na nakshi, imelika upande wa ndani kwa kuvaliwa. Nilishika, moyo ukaenda mbio. Nilikuwa nimeshaanza kibiashara changu cha pembeni, nikajua hapa kuna dili.

Bibi akaniuliza, "Unaitakia nini, mjukuu wangu?"

Nikamjibu, "Nataka nimpelekee mchumba wangu, bibi."

Sikuwa na mchumba. Nilisema vile kwa sababu mtu akijua wewe ni mfanyabiashara, bei inabadilika. Bibi akacheka, akaniombea dua, akasema kama ni ya bi harusi basi hataniuzia ghali. Nikamlipa shilingi 120,000. Wiki tatu baadaye nimeuza Dar kwa 850,000. Mnunuzi, mama mmoja mgeni aliyekuwa anajiandaa kurudi kwao, aliniuliza mitali hii ni ya nani na ilitengenezwa lini. Nikamwambia ni ya enzi za Sultani Barghash. Nilimtaja Barghash kwa sababu ndiye sultani aliyenijia kichwani.

Kwa hiyo nilidanganya mara mbili kwa mali moja. Usiku ule niliwanunulia washkaji chakula na kuwasimulia jinsi nilivyo mjanja.

Mwaka uliofuata nikapita tena Pangani. Bibi alinitambua. Baada ya shikamoo na marahaba, swali lake la kwanza lilikuwa, "Bi harusi alivaa?"

Wadau, nimeshahojiwa na polisi, nimeshafokewa na mheshimiwa mmoja mbele ya kadamnasi, lakini sijawahi kukosa jibu kama siku ile. Nikamweleza ukweli wote pale pale barazani, na bei niliyouzia. Nikatoa 300,000 nilizokuwa nazo. Bibi akazishika kwa muda, akasema, "Pesa nimepokea, mjukuu wangu. Ila ungesema." Akaongeza kwamba ile mitali alivalishwa na mama yake, na kama angejua inakwenda kuuzwa tu, angemwachia mjukuu wake wa kike.

Mitali hiyo leo iko wapi sijui. Iko kwenye kabati la mtu nchi za watu, na karatasi inayosema uongo wangu.

Sasa tuje kwenye hoja.

Utetezi wa kwanza ninaousikia kila siku ni huu: "Biashara ni maarifa. Yeye hakujua, mimi nilijua, faida ni malipo ya kujua kwangu." Nusu ya hoja hii naikubali. Mtu aliyekaa miaka akijifunza kutofautisha fedha na bati, jiwe na chupa, anastahili kulipwa. Lakini angalia jinsi tunavyoyatumia hayo maarifa. Chukua sarafu ya rupia 15 ya dhahabu iliyopigwa Tabora mwaka 1916, ile yenye tembo, Wajerumani walipokuwa wamezingirwa wakaitengenezea kwenye karakana ya reli. Ina uzito wa gramu 7 hivi, na dhahabu yake ni robo tatu tu. Mwenye nayo kijijini akilipwa kwa uzito wa dhahabu, amelipwa sehemu ndogo ya kile ambacho wakusanyaji wa sarafu hutoa. Anayeinunua anajua, ndiyo maana kafunga safari. Akinyamaza na kuitia mfukoni, yale maarifa hajayauza kwa mtu. Kayatumia kama giza, mwenzake asione kilicho mezani.

Na mimi sikunyamaza tu. Nilitunga mchumba. Bibi aliridhika, ndiyo, lakini aliridhika na harusi ambayo haikuwepo.

Linganisha na yaliyotokea Juni 2020. Mchimbaji mdogo Saniniu Laizer alipata mawe mawili ya tanzanite, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1. Yalithaminiwa, serikali ikayanunua kwa zaidi ya shilingi bilioni 7.7, na bei ikatangazwa nchi nzima ikasikia. Unaweza kubishana kuhusu mengi ya sekta ya madini, na mimi ni wa kwanza. Lakini siku ile hakuna aliyehitaji kumdanganya Laizer kwamba jiwe ni la mchumba. Aliyeuza na aliyenunua walikuwa wanatazama namba ile ile, na dili likafanyika vizuri tu. Kumbe inawezekana.

Utetezi wa pili: "Sisi tusingenunua, vingeyeyushwa na sonara." Hili ni kweli, na linauma. Fedha ya bibi zetu imeyeyushwa sana, na hata yenyewe ilitokana na kuyeyusha: masonara wa pwani walikuwa wakichukua reale za Maria Theresa na kuzigeuza mikufu na vikuku. Lakini kama kweli sisi ni waokoaji, tunaokoa nini? Mtali bila habari zake ni gramu za fedha zenye nakshi. Sonara anayeyusha umbo, sisi tunayeyusha jina la mwenyewe, mji wake, mwaka wake. Halafu mahali pake tunamwaga Barghash.

Na hizo reale nazo zina darasa lake. Kila mwenye meza ya sarafu anakuonyesha reale ya Maria Theresa na kukuapia kwamba ni ya 1780, soma mwenyewe, imeandikwa. Imeandikwa, kweli. Malkia huyo wa Austria alifariki mwaka huo wa 1780, na kwa kuwa watu wa Bahari ya Shamu, Uhabeshi na pwani yetu waliiamini sura ile, iliendelea kupigwa na mwaka ule ule miaka nenda rudi. Imepigwa Vienna, Roma, London, Bombay na kwingineko, na Vienna bado wanaipiga hadi leo. Kwa hiyo ya 1780 inaweza kuwa ya mwaka juzi. Ni fedha halali, gramu 28 na ushee, lakini anayekutoza bei ya miaka zaidi ya mia mbili bila kukueleza hilo, ama hajui anachouza au anajua sana.

Tanzanite vivyo hivyo. Mengi hutoka ardhini na rangi ya kahawia, yakapashwa moto wa nyuzi 500 au 600 hivi ndipo yanapata ile buluu tunayoijua. Si kosa, ndiyo kazi ya jiwe, ila mnunuzi aambiwe. Ukilizungusha kwenye mwanga lililo halisi hukuonyesha buluu upande huu na zambarau upande ule, wakati chupa ya buluu ni buluu kila upande. Kipimo hicho kitakuokoa na chupa tu. Yapo mawe mengine na ya kutengenezwa yanayoiga vizuri zaidi, na hayo anayajua mtaalamu wa vito mwenye vifaa. Muuzaji anayekasirika ukitaja mtaalamu, muache na jiwe lake.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Tukidhani daftari ni la mwenye duka tu, tutazame jirani zetu wa Kenya. Kwa Wamijikenda kuna vigango, nguzo za mbao zinazochongwa kuwakumbuka wazee waliotangulia. Mwaka 1985 mtafiti wa Kimarekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee mmoja akiwa mbele ya vigango viwili vya familia yake. Baadaye kidogo viliibwa. Vilikuja kuonekana kwenye makumbusho mawili Marekani, na mwaka 2007 vikarudishwa. Vilirudi kwa sababu kulikuwa na ile picha. Vigango vingine vingi vimekaa huko nje na hakuna anayeweza kusema ni vya ukoo gani. Najua mtali si kigango, bibi wa Pangani hakuibiwa, aliuza. Lakini njia ya kupotea ni moja: kitu kinatoka nyumbani bila jina, kinapita mikono mitatu, na kila mkono unaongeza uongo wake.

Nini kifanyike? Maana kulalamika bila kushauri ni kazi ya watu wa vijiweni.

Kwanza, mwambie anayekuuzia kwamba unakwenda kuuza. Mwambie na bei unayotarajia. Akikataa, ni mali yake. Nimeanza kufanya hivi na sijafa njaa. Mara nyingi tunakubaliana: namlipa kitu sasa, na ikiuzwa namwongezea fungu lake kwa simu.

Pili, andika. Jina la mwenye mali kama ameridhia, mji, alikipata wapi, nani alikivaa. Piga picha kikiwa pale pale nyumbani. Karatasi hiyo iende pamoja na kitu. Niamini, mnunuzi makini atalipa zaidi kwa ukweli mdogo kuliko kwa sultani wa kutunga.

Tatu, jifunze kusema "sijui ni ya mwaka gani." Haina aibu.

Nne, kuna vitu si vya kununua, hata uletewe mlangoni. Vya makaburini, vya misikitini, milango ya nakshi inayong'olewa usiku, vitu vinavyochimbuliwa kwenye magofu. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ipo tangu 1964, na aliyekuletea anajua kwa nini kaja saa nne usiku.

Na wewe mnunuzi usijifiche nyuma yetu. Unapofurahia kupata "bei ya kutupa", jiulize ni nani aliyetupwa.

Nawajua watakaosema nimelainika, biashara haina bibi. Sawa. Ila kila nikiona mtu kapiga picha ya kikuku juu ya kitambaa cheusi na kuandika "kipo kimoja tu", nawaza mtu mmoja tu aliyekivaa, na kama yupo hai, anadhani kimekwenda wapi.

Rafiki yangu pete hakununua. Alimuuliza muuzaji Mjerumani alilipata wapi jiwe la mwaka 1967. Jibu lilikuja haraka: "Basi chukua kwa laki nne."

Naomba kutoa hoja. Wenye vikuku, tujadili.